Fimbo ya karibu na shimo: chagua ile isiyokudanganya

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mchezaji wa gofu, au umeolewa na mchezaji wa gofu, kisa hiki unakijua. Mwanagofu anapiga mpira wa kwanza, unaruka juu kama mwewe. Anapiga wa pili, unatua hatua thelathini tu kutoka shimoni. Wenzake wanampigia makofi. Kisha masaibu yanaanza. Anaudonoa mpira, unakwenda hatua tatu. Anaudonoa tena, unaivuka grini na kutumbukia katika mchanga upande wa pili. Anapomaliza, kedi wake anatazama kando kwa heshima, naye anaandika saba mahali ambapo angeandika nne.

Jioni anarudi nyumbani amenuna. Wiki inayofuata, badala ya kwenda kufanya mazoezi, anakwenda dukani kutafuta fimbo mpya. Hapo ndipo gofu inapoacha kuwa shughuli ya baba peke yake na kuwa shughuli ya jamii nzima, kwa maana pesa hizo zina kazi nyingine. Kuna karo, kuna kodi ya nyumba, kuna dawa za nyanya kule mashambani. Weji moja mpya ya chapa inayojulikana huuzwa zaidi ya dola 150 huko Marekani, kabla hujaongeza nauli ya kuileta huku na ushuru. Hizo si pesa za kuchezea.

Je, nasema fimbo zisinunuliwe? La hasha! Fimbo mbaya humchelewesha mtu. Ninachosema ni kwamba fimbo za mchezo wa karibu, yaani za hatua mia moja kwenda chini, hazichaguliwi kama zile za kupiga mbali. Za mbali huchaguliwa kwa nguvu. Za karibu huchaguliwa kwa hisia ya mkono, na hisia hiyo haiwekwi rafuni ikabandikwa bei. Unaenda nayo dukani wewe mwenyewe.

Tuanze na hesabu ndogo. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 aghalabu huwa na kiwango cha mapigo 72. Katika kiwango hicho, kila shimo limetengewa mapigo mawili ya kuusukuma mpira juu ya grini. Mawili mara 18 ni 36, nusu kamili ya mchezo. Na hapo hatujahesabu kudonoa kutoka kando ya grini wala kutoka mchangani. Basi mtu anayetumia pesa zake zote kununua fimbo kubwa ya kuanzia shimo, akasahau zile fupi, amejenga nyumba yenye roshani nzuri isiyo na jiko.

HISIA NI KITU GANI?

Wachezaji hupenda kusema fimbo fulani "ina hisia nzuri". Waulize maana yake, utaona wanababaika. Ukweli ni kwamba mpira hukaa kwenye uso wa fimbo kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha umekwenda zake. Kabla habari haijasafiri kutoka viganjani hadi kichwani, mpira uko hewani. Kwa hivyo mkono hauwezi kuurekebisha mpira wakati wa kuupiga. Kazi yake ni kupokea taarifa ya jambo lililokwisha tendeka.

Taarifa hiyo hukufikia kwa njia tatu: uzito wa kichwa cha fimbo unapokizungusha, mtetemo unaopanda kwenye mpini, na sauti. Naam, sauti! Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kile wanachokiita hisia ya mkono huingia kwa masikio. Ukitaka kuhakikisha, ziba masikio kwa pamba kisha usukume mipira kumi kwenye zulia lako sebuleni. Utadhani umepewa fimbo ya mtu mwingine.

Kuna kampuni moja kubwa ya fimbo ambayo jina lake lilitokana na sauti. Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekuwa mhandisi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, alikuwa akisumbuliwa na mapigo ya kwenye grini. Mwaka 1959 alijitengenezea fimbo yake katika gereji ya nyumbani, akaweka uzito kwenye ncha mbili za kichwa ili kisipindukepinduke mpira unapogonga pembeni. Fimbo hiyo ilipougusa mpira ililia "ping", naye akaiita hivyo hivyo: Ping.

Kutokana na hayo ndipo napata kipimo changu cha leo. Fimbo yenye hisia nzuri si lazima iwe laini, wala si lazima iwe ghali. Ni ile inayokuambia ukweli. Ukiupiga mpira katikati ya uso wake, inakuambia umepiga katikati. Ukiupiga kwa ncha, inakushtaki papo hapo. Fimbo inayokupa jibu moja kwa kila pigo, zuri na baya, inakudanganya, na mwenye kudanganywa hawezi kujisahihisha.

FIMBO MOJA UFUONI

Wazee waliokuwa wakifuatilia Kenya Open wanamkumbuka Mhispania Seve Ballesteros, aliyeitwaa mwaka 1978 akiwa kijana wa miaka 20. Baadaye alishinda The Open ya Uingereza mara tatu na Masters ya Marekani mara mbili. Mpaka alipofariki mwaka 2011, wengi walimhesabu kuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa mchezo wa karibu duniani.

Je, Ballesteros alijifunza kwa weji ngapi? Hata moja! Alipokuwa mtoto kijijini Pedreña, kaskazini mwa Uhispania, alikuwa na fimbo moja tu ya chuma, namba 3, ambayo uso wake umesimama karibu wima. Aliichukua ufuoni akapiga mipira mchangani siku nenda siku rudi. Alipotaka mpira upande juu, ilibidi mikono yake itafute njia ya kuulaza uso wa fimbo ile. Alipotaka utambae, aliifunga. Kwa kukosa fimbo nyingine, mikono yake ikajua kila siri ya ile moja.

Sikuambii uende Muthaiga au Nyali na namba 3 peke yake, watu watakucheka. Lakini shika neno hili: mkono huzoea kitu kimoja. Ukiununulia vitu vipya kila mwaka, unaurudisha darasa la kwanza kila mwaka.

WEJI NGAPI ZINATOSHA?

Kanuni za gofu haziruhusu zaidi ya fimbo 14 katika mfuko, na zimekuwa hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Lakini hakuna kanuni inayokulazimisha kuzifikisha 14. Mchezaji wa wikendi anatosheka na weji mbili: ile iliyokuja pamoja na seti yake, na nyingine moja ya mchangani.

Kabla ya kununua hiyo ya pili, uliza ile ya kwanza ina mwinamo wa digrii ngapi. Zamani nyingi zilikuwa na digrii 48 hivi. Siku hizi seti nyingi huja na 45, 44 au hata pungufu, kwa sababu watengenezaji wanapenda mpira uende mbali ili mnunuzi afurahi. Ikiwa yako ina 48, weji ya digrii 54 au 56 itakufaa sana. Ikiwa ina 44, pengo litakuwa kubwa, nawe utahitaji mbili: mathalani 50 na 56. Ile ya digrii 60 wanayoitumia mabingwa kwenye televisheni waachie mabingwa hadi utakapopata muda wa mazoezi. Inarusha mpira juu sana, lakini ukikosea kidogo tu, mpira unabaki miguuni pako au unakwenda kuvunja kioo cha gari.

TUMBO LA FIMBO NA UDONGO WETU

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami. Geuza weji uangalie chini yake. Utaona pana tumbo lililobenuka. Kiasi cha kubenuka huko huitwa baunsi, nacho hupimwa kwa digrii. Chini ya 6 ni kidogo, kati ya 7 na 10 ni wastani, zaidi ya 10 ni kikubwa. Kazi ya tumbo hilo ni kuizuia fimbo isichimbe kama jembe.

Mwamerika Gene Sarazen ndiye anayetajwa sana kwa kuipa weji ya mchangani umbo lake la leo. Alisimulia kwamba wazo lilimjia alipoona jinsi mkia wa ndege ulivyoshuka wakati pua yake ilipopanda. Akachukua fimbo yake, akaongeza risasi ya kulehemia chini yake mpaka ikapata tumbo, na mwaka 1932 akashinda The Open akiwa nayo huko Prince's, Uingereza. Mchanga uliokuwa ukiwatia watu kiwewe ukawa mahali pa kupiga kama pengine popote.

Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wake. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana sehemu nyingi za Nairobi hukauka ukawa kama saruji Januari na Februari, kisha mvua za Machi hadi Mei zikinyesha huwa kama ugali mbichi. Weji yenye tumbo kubwa hudunda kwenye ardhi kavu na kuupiga mpira kichwani. Weji isiyo na tumbo huzama kwenye tope. Aidha kuna ile nyasi ya Kikuyu, mzaliwa wa nyanda zetu za juu, ambayo imevuka bahari hadi uwanja wa Riviera huko Los Angeles. Wanaoijua wanajua kwamba huishika fimbo kama mtoto anayemng'ang'ania mamake. Palipo na nyasi hiyo ndefu, kichwa chepesi hugeuzwa kwa urahisi, kwa hivyo uzito kidogo husaidia.

Kwa anayecheza uwanja mmoja mwaka mzima, baunsi ya wastani, kama digrii 8 hadi 10, ndiyo salama. Kisha jitazame mwenyewe. Kama kila ukipiga unaacha shimo kwenye nyasi, chukua tumbo kubwa kidogo. Kama unafagia tu juu juu, chukua dogo.

KUFUA AU KUSUBU?

Muuzaji atakuambia, "Mzee, hii imefuliwa, chukua hii." Maana yake ni kwamba kichwa kimepigwapigwa chuma kikiwa moto, kama mhunzi afuavyo jembe. Zile nyingine zimesubiwa, yaani chuma kimeyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kama sufuria. Wengi husema kilichofuliwa ni laini zaidi mkononi. Yawezekana. Lakini tofauti hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile inayoletwa na mpira wenyewe.

Mpira wenye ngozi ngumu hutoa mlio mkali na hauzunguki sana. Ule wenye ngozi ya urethani ni mtulivu na hushika grini vizuri zaidi, ingawa bei yake ni ya juu. Sasa fikiria mchezaji ambaye shimo la kwanza anatumia mpira wa aina hii, la pili aina nyingine aliyouziwa na vijana wanaookota mipira vichakani, la tatu aina nyingine tena. Mkono wake utajifunzaje? Chagua aina moja unayoimudu, hata kama ni ya bei nafuu, uishikilie. Hiyo ni dawa ya hisia inayogharimu kidogo kuliko zote, na sijamsikia muuzaji akiitangaza.

Vivyo hivyo na mshiko. Mpira wa mshiko ukikaa katika buti ya gari juani hukauka na kuteleza, nawe unalazimika kuukaba fimbo kwa nguvu. Mkono unaokaba hausikii kitu. Uoshe kwa sabuni na maji vuguvugu, na ukishakuwa mgumu kabisa badilisha. Fundi hubadilisha mshiko kwa sehemu ndogo ya bei ya fimbo mpya. Unene wake uwe hivi: ukiushika kwa mkono wa kushoto, kama unapiga kwa kulia, ncha za vidole vya katikati ziguse kiganja kidogo tu.

NA PATA JE?

Fimbo ya kusukumia mpira shimoni huitwa pata, na jina lake ni zuri kwa Kiswahili: ukiijua, utapata, usipoijua, utakosa. Ilaze juu ya kidole chako iwe imesawazika. Uso wake ukitazama juu mbinguni, inawafaa wanaovuta fimbo nyuma na mbele kwa mstari ulionyooka. Ncha yake ikining'inia chini, inawafaa ambao mikono yao huchora upinde. Nyingi zina urefu wa kati ya inchi 33 na 35. Simama kama unavyosimama kawaida, mikono ining'inie bila kukunjamana. Ikiwa fimbo inagusa tumbo lako au inakulazimisha kuinama kama mtu atafutaye sarafu, si yako.

JARIBIO LA CHAKI

Usinunue kabla ya kufanya jaribio hili. Nenda na mipira kumi ya aina moja, ile unayoitumia, na kipande cha chaki. Paka chaki kwenye uso wa fimbo. Piga mpira mmoja hatua ishirini, na kabla ya kutazama popote, sema kwa sauti: "katikati", "ncha" au "kisigino". Kisha geuza fimbo uangalie alama. Futa, paka tena, rudia mpaka mipira kumi iishe. Fanya hivyo kwa fimbo mbili au tatu, na mwambie mwenzako afunike bei na majina ya chapa.

Fimbo ambayo umebashiri sawa mara nyingi zaidi ndiyo inayosema nawe. Ichukue hiyo, hata kama ndiyo rahisi kuliko zote na rangi yake imechujuka. Duka likikataa ujaribu, nenda duka jingine, au mwombe mwalimu wa klabu akuazime fimbo ujaribu.

Mitumba pia si haramu. Ila tazama mifereji ya usoni: pitisha ukucha, na kama haunasi kabisa, fimbo hiyo imezeeka. Tazama mpini usiwe na kutu wala kujikunja. Beba sumaku ndogo mfukoni, kwani vichwa vya zinki vinavyouzwa katika seti za bei ya chini sana havinasi kwenye sumaku. Weji ikiikataa sumaku, uliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Neno kwa akina baba: usimkatie mtoto fimbo yako kuukuu kwa msumeno ukadhani umemfanyia hisani. Mpini uliokatwa huzidi kuwa mgumu na kichwa hubaki na uzito wa mtu mzima. Mtoto atapindua mgongo ili aiinue, na hiyo ndiyo tabia atakayokua nayo. Afadhali fimbo moja ya watoto kuliko sita za kukatwa. Mama naye, akitaka kucheza, asirithishwe tu zile zilizomshinda baba. Naye apewe chaki na mipira kumi achague yake.

Mwisho, ndugu msomaji, ukishaipata fimbo isiyokudanganya, kaa nayo. Ipe saa moja kila wiki kando ya grini, mpira mmoja hapa, mwingine pale, bila kuandika alama. Itakuambia mambo usiyopenda kuyasikia. Itakuambia unakimbilia kuinua kichwa, itakuambia unakaba. Wengi hapo ndipo huichukia na kurudi dukani kutafuta nyingine yenye maneno matamu. Usifanye hivyo. Vumilia mpaka Desemba, kisha ulinganishe kadi zako za Januari na za mwisho wa mwaka. Pesa ambazo hukuzipeleka dukani, mkabidhi mama watoto. Karo ya Januari haingoji mtu.

Hadi Jumapili ijayo, majaliwa.